Chokaa isiyochoka

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Mtera mbele ya walimu, wanafunzi wa sekondari na wananchi waishio kandokando ya bwawa.



 

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumze juu ya haidrojeni, hewa ambayo siku hizi mataifa makubwa yanaitaja kana kwamba imegunduliwa juzi. Nimeitikia wito, lakini nawaomba radhi mapema kwamba sehemu kubwa ya maneno yangu itakuwa juu ya chokaa. Chokaa hii hii tunayopaka kuta za madarasa. Sababu yake mtaiona. Mezani hapa nimeweka chupa mbili, na kabla hatujaachana tutazitumia.

Nianze na bwawa lenyewe. Bwawa la Mtera lilijengwa katika miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu na Kisigo kwa ajili ya mitambo ya Kidatu. Mitambo ya hapa hapa, yenye uwezo wa megawati 80, ilikuja baadaye, mwaka 1988. Bwawa likijaa hufunika zaidi ya kilometa za mraba 600, na maji yalipopanda yalizamisha pori zima. Miti mikavu iliyobaki imesimama majini mnaijua ninyi wavuvi kuliko mimi, maana ndiyo inayowararulia nyavu. Mwenye mtumbwi akichoma upondo matopeni katika kina kifupi, huona mapovu yakipanda. Popote penye maji yaliyotulia na majani yaliyooza chini yake, mapovu ya namna hiyo kwa sehemu kubwa ni hewa iitwayo methani. Mtaliano Alessandro Volta aliikusanya mwaka 1776 kwa kuchokoa matope ya ziwa Maggiore kama vile mvuvi afanyavyo kwa upondo, akaiwasha, ikawaka.

Methani hiyo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ndani yake mna kaboni moja iliyoshikana na haidrojeni nne. Basi mtu anayetaka haidrojeni nyingi kwa bei nafuu huitafuta humo, na ndivyo ulimwengu unavyofanya. Mwaka 2022 dunia ilitumia haidrojeni ipatayo tani milioni 95, na karibu yote ilitoka katika gesi, makaa ya mawe na mafuta.

Mtu wa Mtera atauliza: mimi haidrojeni ya nini? Swali ni la haki. Jibu langu halina haja ya magari ya kesho wala ndege za kesho kutwa. Jibu liko katika mfuko wa mbolea.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Naitrojeni tunaivuta puani kila dakika, lakini mmea hauwezi kuila ikiwa hewa. Mjerumani Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 jinsi ya kuiunganisha na haidrojeni ikawa amonia, na mwenzake Carl Bosch akaifanya kazi hiyo kuwa ya kiwanda mwaka 1913. Kwa hesabu ya kemia, amonia inayohitajika katika mfuko mmoja wa urea ina haidrojeni kilo 5. Kilo hizo tano ndizo ghali. Ndiyo sababu gesi ilipopanda bei Ulaya mwaka 2021, kisha vita vya Ukraine vikazuka mwaka 2022, mkulima wa Pawaga aliumia ingawa hajawahi kuiona Ulaya. Mjomba wangu analima mpunga huko. Mwaka ule alitia mfuko mmoja pale alipozoea kutia miwili, na mpunga ukamwonyesha rangi ya njano kabla ya wakati wake. Serikali ilianza kutoa ruzuku ya mbolea Agosti 2022, na nafuu ikaonekana. Hata hivyo ruzuku hulipa bei, haitengenezi haidrojeni.

Na haya yalitupata sisi ambao gesi iliyogunduliwa ardhini mwetu na chini ya bahari yetu inakadiriwa kuwa futi za ujazo trilioni 57.

Kiwanda cha mbolea tulikuwa nacho. Kile cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972, na kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kasoro yake moja kubwa ilikuwa hii, kwamba amonia yake ililetwa kwa meli kutoka nje. Yaani tulijenga jiko, tukawa tunaagiza moto kwa jirani. Katika miaka ya 1980 ukaja mpango wa kutengeneza amonia na urea Kilwa Masoko kwa gesi ya Songo Songo, chini ya kampuni iliyoitwa Kilamco, ambayo Shirika la Maendeleo ya Petroli liliiunda pamoja na kampuni ya Marekani ya Agrico. Mpango huo haukufika mwisho. Gesi ya Songo Songo ilingoja hadi mwaka 2004 ndipo ikafika Dar es Salaam, na ilipofika ikachomwa kwa ajili ya umeme na viwanda. Siilaumu hatua hiyo. Ninyi wa Mtera mnajua vizuri kwamba katika ukame wa mwaka 2006 na ule wa 2011 kina cha bwawa hili kilikuwa habari ya taifa zima, na bila gesi mgawo wa umeme ungalikuwa mchungu zaidi.

Jinsi kazi inavyofanyika

Sasa vijana wafungue madaftari. Methani hukutanishwa na mvuke wa maji juu ya nikeli, katika mabomba yenye joto la nyuzi kati ya 800 na 900 za sentigredi. Nikeli haitumiki ikaisha; ni kichocheo, kama mshenga anayewakutanisha wawili akabaki mshenga. Kinachotoka ni haidrojeni pamoja na kabonimonoksaidi, ambayo nayo hupewa mvuke tena katika chombo cha pili ili itoe haidrojeni zaidi na kugeuka kuwa kabonidayoksaidi, yaani hewa ya ukaa. Chombo cha tatu huitenga hewa hiyo. Ukijumlisha yote, methani kilo 16 na maji kilo 36 hukupa haidrojeni kilo 8 na hewa ya ukaa kilo 44. Kwa kila kilo moja ya haidrojeni, basi, una kilo tano na nusu za ukaa, na hapo hujahesabu gesi iliyochomwa nje ya mabomba ili kuyapasha moto. Ukiihesabu, unakaribia kilo tisa au kumi.

Hewa hiyo ndiyo inayolijaza anga joto. Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi kule juu, umekauka kwanza kwa sababu ya jinsi tunavyotumia maji ya Usangu. Tusisingizie hewa kwa makosa ya mifereji. Lakini dunia yenye joto zaidi haitaliongezea bwawa hili maji, nayo itaongeza kinachopotea kwa mvuke juani.

Hapa ndipo chokaa inapoingia.

Kila fundi wa pwani alijua tangu kale kwamba ukichoma matumbawe au mawe ya chokaa katika tanuri kali, jiwe hupungua uzito sana na kuwa jeupe na jepesi. Kilichotoka ni hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Kisha chokaa ile ikizimwa kwa maji, ikakandwa na mchanga na kujengewa, huanza kuirudisha hewa ile pole pole kutoka angani, na ukuta hurudi kuwa jiwe. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao ujenzi wake ulianza katika karne ya 11, umesimama kwa chokaa iliyofanya kazi hiyo bila kusimamiwa na mtu. Nami hupenda kufikiri kwamba kuta zile zimeikalia bahari ile ile ambayo gesi ya Songo Songo iko chini yake, na hakuna aliyewajulisha wawili hawa.

Wanasayansi waliwajulisha. Mwaka 1868 Wafaransa wawili, Tessié du Motay na Maréchal, waliandika juu ya kutengeneza haidrojeni kwa makaa na chokaa. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha majaribio huko Rapid City, Marekani, kilitumia jiwe la dolomiti, ndugu wa chokaa, kunyonya ukaa wakati makaa ya mawe yakigeuzwa kuwa gesi. Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Ukitia chokaa iliyochomwa ndani ya chombo kile kile chenye methani, mvuke na nikeli, chokaa huikamata hewa ya ukaa mara tu inapozaliwa. Na kwa kuwa ukaa unaondolewa papo hapo, kazi ya kutoa haidrojeni haina kinachoirudisha nyuma, huenda mbele tu, kama maji ya mfereji ambao mwisho wake umefunguliwa. Joto la nyuzi 600 au 650 linatosha pale lilipohitajika 850. Kinachotoka, ukiondoa mvuke, huweza kuwa haidrojeni kwa zaidi ya asilimia 90. Zaidi ya hayo chokaa inapokamata ukaa hutoa joto lake yenyewe, na joto hilo karibu linatosheleza lile ambalo methani inalidai. Vyombo vitatu vimekuwa kimoja.

Chokaa ikishiba, hupelekwa katika tanuri la pembeni lenye joto la nyuzi 900 hivi, ikaachia ukaa uliokwisha kutengwa, tayari kufungwa au kutumiwa, kisha ikarudi kazini. Huko na huku, huko na huku.

Ugonjwa wa chokaa

Kama ingalikuwa rahisi hivyo, viwanda vyote vingalifanya hivyo zamani. Tatizo liko katika jina lenyewe: chokaa huchoka. Gramu 100 za chokaa safi, kwa hesabu, zinaweza kubeba gramu 78 za ukaa. Mara ya kwanza hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Baada ya safari ishirini au thelathini za kushiba na kutapika, chokaa ya kawaida kutoka katika jiwe hubeba kama moja ya tano tu ya mzigo wake, na baada ya mamia ya safari hubaki na asilimia saba au nane.

Sababu yake mama yeyote ameiona jikoni. Chumvi laini ukiiacha mahali penye unyevu, punje hushikamana, na asubuhi unakuta donge. Ndani ya chokaa mna vitundu vidogo visivyohesabika, na hewa hupita humo. Katika joto la nyuzi 900 punje hulainika pembezoni, hushikana, vitundu huziba, na ukaa hauna tena mlango wa kuingilia. Chokaa ipo, uzito upo, lakini kazi haipo.

Basi elimu yote ya siku hizi juu ya jambo hili, katika maabara za Hispania, Uchina, Uingereza na kwingineko, ni jitihada ya kutengeneza chokaa isiyochoka. Njia moja ni kuchanganya chokaa na kitu kigumu kisicholainika kwa joto lile, kikae katikati ya punje kama vijiti ndani ya ukuta wa tembe, zisipate kushikamana. Magnesiamu iliyomo katika dolomiti hufanya hivyo kwa asili yake. Wengine hutumia udongo wa alumini, ambao ukichomwa pamoja na chokaa huunda madini magumu ya kushikilia. Wengine hutumia zirkoniamu. Kila kimoja huchukua nafasi ambayo chokaa ingalibebea ukaa, kwa hiyo unakubali mzigo mdogo leo ili upate mzigo ule ule kesho. Nadhani mkulima yeyote wa mtama anaielewa biashara hiyo kuliko mfanyabiashara wa mjini.

Njia ya pili inanifurahisha zaidi, kwa sababu ni ujuzi wa fundi. Chokaa iliyochoka hupewa mvuke wa maji. Ikiisha kuzimwa, huvimba, hupasuka, na vitundu hufunguka upya. Mzee yeyote aliyewahi kumwagia maji chokaa ya mawe akarudi nyuma kwa kuogopa mlipuko wake ameona dawa hiyo kwa macho yake.

Njia ya tatu ni kuweka nikeli na chokaa ndani ya punje moja, ili anayezalisha na anayekamata wakae nyumba moja. Ni kazi ya ufundi mkubwa, maana nikeli nayo ina maradhi yake: punje zake hukua na kupoteza nguvu, na kaboni ikiiganda juu huizima. Viko vitu vingine pia. Wajapani walieleza mwaka 1998 juu ya lithiamu iliyounganishwa na zirkoniamu, ambayo huvumilia safari nyingi, lakini lithiamu ni ghali na inagombewa na watengenezaji wa betri. Mimi naona kwamba nchi kama yetu ifuate chokaa, iache mengine kwa wenye fedha za kuchezea.

Tazameni tulivyo navyo. Gesi ipo. Mawe ya chokaa tunayo Tanga, Wazo, Mbeya na Mtwara, ambako tayari tunayachoma kwa ajili ya saruji. Na pale Wazo gesi na chokaa vimekwisha kutana katika tanuri moja kwa miaka mingi, ingawa ukaa wote huachwa uende zake. Nikeli iko Kabanga, wilayani Ngara. Hata chokaa iliyochoka kabisa haitupwi, kwa kuwa kiwanda cha saruji kinaweza kuipokea badala ya jiwe bichi. Kinachokosekana ni watu waliokaa na mawe haya mezani, wakayachoma, wakayapima, wakajua kwamba jiwe la mahali fulani huchoka baada ya safari ishirini na la mahali pengine baada ya hamsini. Maana mawe ya chokaa hayafanani, na hakuna maabara ya Ulaya itakayotupimia ya kwetu kwa hisani.

Tusidanganyane

Ndugu zangu, wapo watu watakaokuja na vitabu vyenye picha nzuri, wakasema kwamba haidrojeni ya gesi yenye kukamatwa ukaa ni safi kama maji ya kisima. Waulizeni maswali manne.

Waulizeni kwanza tanuri lile la nyuzi 900 linapashwa kwa nini. Likichomwa kwa gesi na moshi wake ukaenda angani, sehemu ya faida imepotea. Waulizeni gesi inavuja kiasi gani kati ya kisima na kiwanda, kwa kuwa methani yenyewe, katika miaka ishirini ya kwanza, hupasha anga zaidi ya mara themanini kuliko uzito sawa wa hewa ya ukaa. Waulizeni ukaa uliokamatwa unapelekwa wapi. Wakijibu kwamba unaingia katika urea, ni kweli, maana kila mfuko wa kilo 50 hutengenezwa kwa ukaa upatao kilo 37. Lakini mkulima akishautia shambani, ukaa ule hurudi hewani baada ya siku chache. Huo ni mkopo, haujafungwa. Ukitaka kuufunga huna budi kuushindilia chini ya ardhi, katika miamba iliyokwisha kuchunguzwa, na kazi hiyo ina gharama. Swali la nne ni nani atakayemiliki ujuzi wa chokaa yenyewe. Katani tuliuza nyuzi tukanunua kamba. Tunaweza kuuza gesi na mawe, kisha tukanunua punje zilizotengenezwa nje kwa mawe ya aina ile ile, kila zikichoka tuagize nyingine.

Nasema haya si kwa sababu napinga. Nchi inayoagiza mbolea kutoka nje ilhali inalalia gesi haina anasa ya kungoja nishati iliyo kamilifu. Kiwanda cha amonia kikijengwa leo kwa njia ya zamani, kitaishi miaka thelathini au arobaini na kitatoa moshi wa zamani kwa miaka hiyo yote. Uamuzi wa aina ya kiwanda hufanywa mara moja. Ndiyo maana nimewaletea jambo hili sasa, na ndiyo maana nimewaletea ninyi vijana.

Sasa chupa. Hii ya kwanza ina maji ya chokaa yaliyochujwa; mnaona ni maangavu. Njoo, binti, shika mrija huu, upulize pole pole ndani ya maji, usivute hata kidogo. Mnaona? Yamekuwa meupe kama tui. Ule weupe ni jiwe. Pumzi yako imekuwa jiwe la chokaa mbele ya macho yetu, kwa joto la kawaida la Mtera.

Chupa ya pili ina gramu 100 za chokaa iliyochomwa juzi, haijaguswa na maji. Naiacha kwa mwalimu wa kemia. Asiishike mtu kwa mkono mtupu, wala isikaribie macho, kwani huunguza. Mfuniko una tundu dogo. Kila Ijumaa mwalimu aipime na kuandika uzito, ingawa mwanzoni itakayoongezeka zaidi ni unyevu wa bwawa, kwa hiyo mizani peke yake itawadanganya. Atoe punje moja kwa kijiko, aidondoshee maji ya limau. Isipotoa povu, bado haijakamata kitu. Ijumaa mtakayoona povu la kwanza, niandikieni tarehe na uzito, pamoja na jina la aliyeliona kwanza. Ninazo chupa nyingine kama hii katika shule za Tanga na Kilwa, na nataka kujua ya wapi itawahi.